Mtahiniwa wa Arobaini

Siku Mama Upawa alipoanza darasa la saba alichelewa, kwa sababu uji ulikuwa haujaiva, na uji ulikuwa haujaiva kwa sababu mtu wa kuupika alikuwa nyumbani anavaa sare. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Sketi yake ya buluu ilishonwa kwa kuunganisha sketi mbili za wanafunzi waliohama. Shati jeupe lilimkaa vizuri mpaka kifungo cha tatu, na kuanzia hapo kila kifungo kilijitegemea. Aliingia darasani ananukia moshi, akasema samahani, akatafuta pa kukaa. Wanafunzi thelathini na tisa wakasimama kwa heshima, maana walimjua kama mama wa jikoni, na mwalimu akawakaripia wakae chini, huyo ni mwenzao.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, maana jambo hili mtu akilisikia nusu atasema nimetia chumvi, na mimi chumvi namwachia Mama Upawa mwenyewe.

Jiko la shule lilikuwa chumba cha mabanzi nyuma ya darasa la kwanza, bati lake jeusi kwa masizi, dirisha lake moja halifungiki. Ndani mlikuwa na masufuria mawili makubwa, mtoto angeweza kuogeshwa humo. Kwa miaka kumi na tisa mama huyu alisimama mbele ya masufuria hayo ameshika upawa wenye mpini mrefu, na ndio uliompa jina. Upawa mmoja, mtoto mmoja. Watoto walikuwa mia nne na kumi na moja, na wa mwisho alipoondoka na kikombe chake, chini ya sufuria palibaki upawa mmoja, wa mpishi. Hakuwahi kukosea hata siku moja. Walimu wa hesabu walikuja wakahama, na hakuna aliyejiuliza hesabu ile inapigwa kichwani mwa nani.

Shule aliiacha darasa la nne. Mwaka ule baba yake aliwatazama watoto wake, akatazama na alichonacho, akasema huyu binti herufi alizonazo zinamtosha. Na kweli zilimtosha, kwa maana kwamba aliweza kusoma neno MAHARAGE kwenye gunia na neno CHUMVI kwenye pakiti, na zaidi ya hapo hakuna mtu aliyewahi kumwandikia kitu. Kazi yake shuleni iliitwa kazi ya muda. Kila mwisho wa mwaka aliambiwa muda umekwisha, na kila mwanzo wa mwaka aliambiwa aje kwa muda, na katikati ya hapo alikaa nyumbani akiombea simu ilie.

Sasa mwanzo wa mwaka mmoja Mwalimu Mkuu akapokea nyaraka mbili katika bahasha moja. Huyu Mwalimu Mkuu alikuwa mwanamume mrefu, mpole, anayependa nyaraka kuliko chakula. Ofisini kwake palikuwa na kabati tatu za mafaili na kiti kimoja. Waraka wa kwanza ulisema kila mfanyakazi wa shule, awe wa kudumu, awe wa muda, lazima awe na cheti cha kumaliza darasa la saba. Asiyenacho aondolewe mwaka ukiisha, isipokuwa yule anayeendelea na masomo, huyo asiguswe. Waraka wa pili ulisema shule yenye watahiniwa wa darasa la saba pungufu ya arobaini isiwe kituo cha mtihani, na isiyo kituo cha mtihani ifungwe, watoto wake wahamishiwe shule ya ng'ambo ya bonde, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu midogo. Darasa la saba lilikuwa na watoto thelathini na tisa.

Aliziweka nyaraka mezani, moja kulia, moja kushoto, akazitazama mpaka chai yake ikapoa. Kisha akainuka akaenda jikoni, mahali ambapo hakuwahi kutia mguu.

"Mama, una cheti?"

"Cha nini, Mwalimu?"

"Cha chochote."

"Nina cha ndoa."

"Hicho hakitajwi." Mwalimu Mkuu akakohoa kwa moshi. "Unaonaje ukiingia darasa la saba?"

"Kuwapelekea nini?"

"Kusoma."

Mama Upawa akaacha kukoroga. "Mwalimu, mimi nimeishia la nne. La tano na la sita je?"

"Waraka haujayasema hayo," akajibu Mwalimu Mkuu, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale akatabasamu.

Fomu ya kujiunga ilitaka sahihi ya mzazi au mlezi. Wazazi wake walikuwa wamefariki siku nyingi, kwa hiyo mlezi akawa mumewe, fundi viatu mwenye kibanda pembeni mwa barabara. Fundi Viatu hakujua kusoma hata hilo neno MAHARAGE, lakini ulezi aliupokea kwa mikono miwili. Kila jioni, kabla hajanawa gundi vidoleni, alidai daftari. Alipitisha kidole ukurasa mzima akitafuta alama za vema, na akikutana na mkasi mwekundu wa kosa alitikisa kichwa kama daktari.

"Hapa ulikuwa unawaza nini?"

"Nilikuwa nawaza wewe utakula nini jioni."

"Mlezi hajibiwi hivyo," akasema Fundi Viatu, akatia alama yake chini ya ukurasa, mstari mmoja na nukta, kama mshono wa kiatu.

Humo darasani kiranja alikuwa binti yao, kitinda mimba, msichana wa miaka kumi na minne asiyejua upendeleo. Wiki ya pili tu alipeleka kwa mwalimu orodha ya wapiga kelele, na jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa Mama. Mlezi akaitwa shuleni. Fundi Viatu alivaa koti lake la harusi, akakaa mbele ya mwalimu wa zamu, akasikiliza jinsi mwanafunzi wake anavyoongea darasani, akaahidi atalishughulikia nyumbani. Alilishughulikia kwa kuosha vyombo jioni ile, maana mwanafunzi alinuna.

Shida ilikuwa moja: huwezi kuwa darasani na jikoni kwa wakati mmoja. Kengele ya mapumziko ikilia, Mama Upawa alitoka mbio akiwa na kalamu sikioni, akagawa uji kwa watoto mia nne na kumi na moja, kisha akavua aproni akajipanga mwisho wa foleni na kikombe, kwa sababu yeye sasa alikuwa mwanafunzi na wanafunzi walihesabiwa kwenye foleni. Akifika mbele hapakuwa na wa kumgawia. Ilibidi atoke kwenye foleni, avae aproni, amimine uji, avue aproni, arudi kuupokea. Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu, na yeye mwenyewe alicheka, lakini uji ulizidi kuchelewa.

Mwezi wa tatu mwalimu wa zamu alimkabidhi barua mbili kwa siku moja. Ya kwanza ilimwonya, yeye mpishi, kwa kutoonekana jikoni kuanzia saa mbili hadi saa nne. Ya pili ilimwonya, yeye mwanafunzi, kwa kutoonekana darasani kuanzia saa nne hadi saa tano. Zote mbili zilimtaka ajieleze kwa maandishi. Akakaa juu ya gunia, akaandika barua ya kwanza akisema alikuwa darasani, na ya pili akisema alikuwa jikoni. Zilimchukua siku nne na karatasi tisa. Zilikuwa barua za kwanza alizowahi kuandika maishani mwake, na mwalimu alizipokea, akaziambatanisha pamoja, akaandika juu yake: Yameeleweka.

Ni hizo barua, nadhani, zilizomfungua macho. Maana mtu akishazoea kusoma anachoonywa, hawezi kujizuia kusoma na vingine. Asubuhi moja alikuwa anafungua gunia la unga wa uji, gunia lile lile la miaka yote, macho yakashuka chini ya picha ya mtoto mnene anayecheka, kwenye maandishi madogo ambayo siku zote aliyachukulia kuwa mapambo. Akayasoma kwa kidole. Akayarudia. Yalisema: Chemsha kwa dakika ishirini.

Mama Upawa alikuwa akiuchemsha uji ule kwa saa moja na nusu, kila siku ya shule, kwa miaka kumi na tisa.

Alikaa kitako pale sakafuni. Alitaka kulia, akacheka, kisha akalia kidogo. Alifikiria kuni. Alifikiria macho yake yaliyoharibika kwa moshi, na alfajiri zote alizoamka wakati wenzake wamelala, kwa sababu ya mstari mmoja ambao hata mtoto wa darasa la tatu angemsomea kama angejua wa kumwomba. Kesho yake aliuchemsha kwa dakika ishirini, na watoto wakasema uji wa leo mtamu. Kuanzia hapo hakuchelewa tena, si jikoni, si darasani, na muda uliobaki aliufanya wa kusoma.

Hesabu zilimnyookea mara moja. Alipoambiwa kwamba kugawanya sehemu sawa kuna jina na alama yake, alishangaa watu wamelifanyia jambo hilo sherehe namna hiyo. Kilichomtoa jasho ni insha. Mwalimu wa lugha, mama mfupi mwenye kalamu nyekundu isiyokwisha wino, aliwapa kichwa Mnyama Nimpendaye. Mama Upawa aliandika: "Mnyama nimpendaye ni kuku. Nampenda akiwa amekaangwa." Akaweka kalamu chini, ameridhika.

"Mama, hii ndiyo insha nzima?"

"Ndiyo, mwalimu. Nimesema yote."

"Huyo kuku hana rangi? Hana tabia? Hukuwahi kumfuga?"

"Nilimfuga."

"Basi niambie mimi ambaye sikumwona."

Maneno hayo yalimwingia. Aliirudia insha ya kuku mara saba, na ya saba ilikuwa na kurasa tatu, kuku alikuwa kilema wa mguu mmoja, na mwalimu wa lugha alipoisoma alisahau kutumia kalamu yake. Akampa alama thelathini na tano kati ya arobaini, akamwambia: "Kuku huyu mlimla kweli?" Mama Upawa akainamisha kichwa. Walikuwa wamemla.

Mtihani wa majaribio ulipofanyika, Mama Upawa akawa wa kwanza kati ya arobaini. Kiranja, yaani bintiye, akawa wa pili, na hakuongea naye kwa siku tatu. Fundi Viatu aligongomea msumari ukutani, juu ya kitanda, akasema hapo ndipo cheti kitakapokaa.

Tuseme ukweli: mama huyu alikitaka cheti kile kwa roho yake yote. Alitaka ajira ya kudumu na barua yake. Alitaka siku akiugua augue kama watu, bila kuhofia kwamba muda umekwisha. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Alitaka pawe na karatasi mahali fulani inayosema kwamba herufi alizokuwa nazo darasa la nne hazikumtosha, na kwamba alikwenda kuzifuata nyingine.

Mwalimu Mkuu aliyaona matokeo ya majaribio akashika tama. Alimwita ofisini, akampa kile kiti kimoja, yeye akasimama.

"Mama, hongera. Umetuua."

"Nimefanyaje tena?"

"Darasa la sita nimelihesabu. Thelathini na tisa." Akayasema kama mtu anayetangaza msiba. "Wewe ukifaulu, umemaliza. Ukimaliza, mwakani sina wa arobaini. Shule inafungwa. Utakuwa na cheti, lakini jiko la kupikia halipo. Na watoto mia nne wanatembea mpaka ng'ambo ya bonde."

"Na nisipofaulu?"

"Unakariri. Mwakani uko hapa, wa arobaini. Mwaka unaofuata pia. Waraka unasema anayeendelea na masomo asiguswe. Sasa wewe, Mama, endelea. Endelea tu. Usimalize."

Mama Upawa aliwafikiria wale wadogo wa darasa la kwanza ambao vikombe vyao walivishika kwa mikono miwili. Jioni alimweleza mlezi wake, na Fundi Viatu alikasirika kuliko alivyowahi kukasirika tangu waoane.

"Nimetia alama daftari zima! Ukurasa kwa ukurasa! Kwa kazi bure?"

"Watoto wale watapita bondeni, mume wangu. Mvua ikinyesha je?"

Fundi Viatu aliutazama msumari, kisha akachukua kiatu cha mtu akaanza kukishona.

Siku ya mtihani ikafika. Kulikuwa na maswali mia moja na hamsini ya kuchagua, kila swali na majibu manne, na mwisho insha. Mama Upawa alipiga moyo konde, akaamua kufeli. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuifanya kazi yake kwa ukamilifu, alifeli kama anavyochambua maharage. Katika kila swali alitafuta kwanza jibu sahihi, akahakikisha ni lenyewe, akaliweka kando kama jiwe, kisha akachagua moja kati ya matatu yaliyobaki. Maswali mawili yalimtatiza. Aliyarudia, akayapigia hesabu pembeni mpaka akaridhika na majibu yake, asije akayapatia kwa bahati mbaya.

Insha alipanga kuiacha wazi. Akafungua karatasi ya mwisho akasoma kichwa: Kazi Nitakayoifanya Nikiwa Mkubwa.

Watoto walikuwa tayari wanaandika, huyu rubani, yule daktari. Akajiambia ataandika mstari mmoja tu, wa utani. Akaandika: "Nikiwa mkubwa nataka kuwa mpishi wa shule." Kisha akamkumbuka mwalimu wa lugha, niambie mimi ambaye sikuona, akaona ni utovu wa adabu kuacha hapo. Msimamizi alipotangaza muda umekwisha, alikuwa kwenye ukurasa wa nne na kidole kimevimba.

Wiki tano baadaye, saa tatu asubuhi, ofisa wa mitihani aliingia jikoni amebeba mkoba. Alikuwa kijana nadhifu, wa umri wa mtoto wake mkubwa. Alipomwona mama mtu mzima mbele ya sufuria alisema, "Shikamoo, mama," na papo hapo Mama Upawa, akikumbuka kwamba bado ni mwanafunzi, alisimama wima akasema, "Shikamoo, mwalimu." Wakabaki wanatazamana. Hakuna aliyejua nani aitikie, na mpaka leo zile shikamoo mbili hazijaitikiwa. Nyuma yake Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama mlangoni, uso umemparara.

Ofisa akaketi juu ya gunia la maharage, akafungua mkoba.

"Mama, umepata sifuri."

Mama Upawa akashusha pumzi. "Nilijitahidi."

"Hujanielewa. Sifuri kati ya mia na hamsini." Akatoa karatasi. "Mtu asiyejua chochote, akichagua kwa kufumba macho, anapata thelathini na kitu. Hata mbuzi akipita juu ya karatasi na wino kwatoni anapata thelathini na kitu. Mashine ya kusahihishia iliikataa hii karatasi mara tatu. Sifuri haipatikani hivi hivi, mama. Sifuri inapatikana na mtu anayejua majibu yote."

Uji ukaanza kutokota. Hakuna aliyeugusa.

"Halafu kuna insha," ofisa akaendelea. Sauti yake ikapungua. "Thelathini na tisa kati ya arobaini. Wasahihishaji waligombania kuisoma. Hii sentensi ya mwisho..." Akatafuta, akasoma: "'Kwa hiyo nikiwa mkubwa nataka kuwa mpishi wa shule, kazi ninayoifanya sasa, ila mwenye barua, ili nikiulizwa wewe ni nani hapa, nisiseme mimi ni wa muda.'" Akaikunja karatasi polepole. "Nani alikwambia ufeli?"

Mwalimu Mkuu akatazama viatu vyake.

"Hakuna," Mama Upawa akasema. "Nilijipangia mwenyewe."

Ofisa akamtazama Mwalimu Mkuu, akamtazama mama, akakuna kichwa. Shida yake, alivyoieleza, ilikuwa kwamba fomu za ofisini zina sehemu ya mtu aliyedanganya ili afaulu. Za mtu aliyedanganya ili afeli hazijachapishwa. Lazima mtahiniwa aandike maelezo kwa mkono wake. Akiandika kwamba hakujua majibu, faili linafungwa, ni maajabu tu, atakariri mwakani. Akiandika kwamba alijua, basi lazima apimwe upya hapo hapo, na apewe haki yake.

"Ni mstari mmoja," ofisa akasema, akimpa karatasi na kalamu. "Kimoja kati ya hivyo viwili."

Mama Upawa alipangusa mikono kwenye aproni, akaweka karatasi juu ya mfuniko wa sufuria tupu. Akaandika: "Mimi, mtahiniwa namba arobaini," na kalamu ikasimama.

"Sikujua," Mwalimu Mkuu akanong'ona. "Neno moja tu, Mama. Tafadhali."

Neno lenyewe alilizoea. Kwa mdomo alikuwa amelisema maisha yake yote. Alilisema dirishani zahanati alipopewa fomu, alilisema kwa mwenye nyumba alipoletewa mkataba, alilisema kwa binti yake alipoulizwa somo la kwanza, sijui mwanangu, muulize mwalimu. Lilimtoka kirahisi mpaka watu waliacha kumuuliza. Lakini hakuwahi kuliandika. Sasa alikuwa na mwandiko mzuri, wa kulala kidogo upande wa kulia, aliougharimia mwaka mzima kwa macho yenye moshi, na mkono ule ukagoma. Si kwamba alikuwa jasiri. Aliona aibu tu, kuyaandika kwa herufi nzuri namna ile maneno ya uongo kama yale.

Akaandika: "nilijua."

Akaweka nukta. Kisha akageuza karatasi, akamwomba ofisa ile karatasi ya maswali, akaanza kuandika majibu moja baada ya jingine, herufi tu, mia moja na hamsini, kwa mwendo ule ule anaotumia kuondoa mawe kwenye maharage. Uji uliungua. Kengele ya mapumziko ilichelewa kulia kwa sababu mwalimu wa zamu naye alikuwa dirishani. Watoto walirundikana nyuma yake na vikombe vyao, na kitinda mimba wa Mama Upawa, ambaye hakuwa na kazi tena pale ila alikuja kila siku kwa mazoea ya kiranja, aliwanyamazisha kwa macho. Ofisa alisahihisha akiwa amepiga magoti sakafuni. Alipofika la mwisho alihesabu tena, kisha akainuka, magoti yake meusi kwa masizi.

"Mia moja arobaini na nane," akasema. "Cheti kitakuja kwa jina lako. Hongera, mama."

Mwalimu wa lugha, aliyekuwa amejipenyeza kati ya watoto, alipiga kelele ya furaha. Mama Upawa hakupiga. Alishika ukingo wa jiko, akauachia haraka kwa sababu ulikuwa wa moto, akaziba uso kwa aproni, akalia.

Mwalimu Mkuu alikuwa ameketi kwenye gunia lililoachwa na ofisa. Hakuwa na hasira. Alikuwa anahesabu kwa vidole watoto wa darasa la sita, kana kwamba angewahesabu vizuri zaidi wangefika.

"Umefanya vema, Mama," akasema. "Lakini mwakani wa arobaini nitampata wapi? Mtaa mzima nimeuzunguka. Hakuna mtoto aliyebaki."

Mama Upawa alishusha aproni. Macho yalikuwa mekundu, lakini hayo yalikuwa mekundu siku zote.

"Mwalimu, ule waraka wa vyeti ulisema wafanyakazi gani?"

"Wote."

"Hata mlinzi?"

Mwalimu Mkuu aliacha kuhesabu. Alimtazama yule mama, akatazama dirishani kuelekea getini, na ilionekana wazi kwamba kwa mwaka mzima alikuwa ametafuta mtu akiwa ameangalia chini, kimo cha mtoto. Akainuka akatoka karibu anakimbia, na Mama Upawa akamfuata nyuma na upawa mkononi, maana alimjua. Kitu kizuri mdomoni mwake hugeuka waraka.

Mlinzi wa shule alikuwa mzee mwembamba aliyelikalia geti lile kwa miaka kumi na moja. Alikuwa kwenye kigoda chake, rungu mapajani.

"Una cheti cha darasa la saba?" Mwalimu Mkuu akamuuliza, akihema.

Mzee akasimama. Akavua kofia. Vidole vyake vikaanza kuizungusha.

"Mwalimu, nina wajukuu wanne ndani," akasema. "Niache hata mwezi huu uishe. Nakuomba."

"Nimekuuliza cheti, unanijibu wajukuu!"

"Hakufukuzi, mzee wangu," Mama Upawa akaingilia, akimshika mkono. "Anakuandikisha."

"Kuniandikisha wapi?"

"Shule."

"Ipi?"

"Hii hii."

Mzee aligeuka akayatazama madarasa, kama mtu anayeyaona kwa mara ya kwanza. Akalitazama geti, lile lile alilowafungulia watoto wa watu kila asubuhi kwa miaka kumi na moja. Kisha akamsogelea Mama Upawa, akamuuliza kwa sauti ya chini, Mwalimu Mkuu asimsikie:

"Sasa mimi nipitie wapi?"